Pindo la gauni lililoshuka mbele: mwongozo kamili wa kuelewa na kulinda mifupa ya wazee

Mama yangu, anayeishi Mamboleo, Kisumu, alimlalamikia fundi wa nguo miezi mingi kabla ya kuulalamikia mgongo. Gauni lake la kanisani lilikuwa limeanza kuburuta mbele na kupanda nyuma, naye akashikilia kwamba fundi alikuwa amelikata vibaya alipolibadilisha zipu. Nililitandaza kitandani, nikalipima kwa utepe, nikakuta pindo liko sawa pande zote. Aliyebadilika alikuwa yeye mwenyewe, kwa maana mgongo wake wa juu ulikuwa umepinda na kifua kimeshuka kuelekea tumboni. Mwaka mmoja na kitu kabla ya hapo alikuwa ameteleza jikoni, akavunjika kifundo cha mkono, akafungwa plasta katika kituo kimoja cha afya, na plasta ilipotolewa baada ya wiki 6 alirudishwa nyumbani bila mtu yeyote kumuuliza kwa nini mfupa wa mtu mzima ulivunjika kwa kuanguka kutoka kimo cha kusimama tu.

Swali hilo ndilo msingi wa mwongozo huu. Mtu aliyepita miaka 50 akivunjika mfupa kwa mwanguko mdogo, kazi haijaisha mfupa unapounga, kwa sababu aliyevunjika mara moja yumo katika hatari kubwa zaidi ya kuvunjika tena, hasa katika miaka miwili ya mwanzo.

Kinachotokea ndani ya mfupa

Mfupa ni kiungo hai, na unafanana zaidi na nyumba ya udongo inayokandikwa kila msimu kuliko jiwe. Kuna chembe zinazobomoa sehemu zilizochakaa na kuna chembe nyingine zinazojaza upya mahali palipobomolewa, na kazi hiyo haisimami tangu utotoni hadi kifo. Hadi umri wa miaka 30 hivi wajenzi huwa mbele ya wabomoaji, kisha huja kipindi cha kulingana, na baadaye wabomoaji hushinda. Kwa mwanamke mabadiliko haya huja kwa kishindo, kwa kuwa homoni ya estrojeni, ambayo ndiyo huwazuia wabomoaji, hushuka hedhi inapokoma, na katika miaka 5 hadi 7 inayofuata anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake. Mwanamume hupoteza polepole zaidi, ila asijidanganye kwamba ugonjwa huu ni wa wanawake peke yao. Makadirio ya dunia ni kwamba mwanamke mmoja kati ya watatu na mwanamume mmoja kati ya watano waliopita miaka 50 watavunjika mfupa kwa sababu hii.

Ugonjwa wenyewe huitwa osteoporosisi, yaani mfupa uliojaa matundu. Umbo la nje hubaki vilevile, lakini ndani vijiti vyembamba vinavyoushikilia mfupa huwa vimekatika hapa na pale. Hauumi, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Katika eneo letu kila maumivu ya goti, kiuno au vidole huitwa baridi ya mifupa, na mzee hununuliwa dawa ya kuchua na soksi nzito. Goti linalouma na kukaza asubuhi kwa kawaida ni tatizo la viungo, wala si la mfupa kupungua, na mtu anaweza kuwa na magoti mazima kabisa huku pingili za mgongo wake zikiwa zimeliwa.

Hatua ya kwanza: mpime mzee nyumbani

Huhitaji mashine ili kuanza. Mzee avue viatu, asimame wima akiegemea mwimo wa mlango, visigino vikigusa mbao, nawe uweke kitabu kigumu juu ya kichwa chake na kuchora mstari kwa penseli pamoja na tarehe. Rudia kila baada ya miezi 6. Akiwa amepungua sentimita 4 au zaidi kutoka kimo chake cha ujanani, au sentimita 2 tangu ulipoanza kumpima, kuna uwezekano mkubwa wa kutosha kwamba pingili moja au zaidi imebonyea, na anahitaji eksirei ya mgongo. Pingili nyingi hubonyea bila mwenyewe kujua. Takribani mbili kati ya tatu hazitambuliwi wakati zinapotokea, labda kwa sababu mwenyewe alifikiri amekaza mgongo alipoinua ndoo, au siku ile matatu iliporuka tuta naye ameketi kiti cha nyuma kabisa.

Kuna vipimo viwili vingine vya haraka. Akisimama na visigino vikigusa ukuta, kisogo nacho kinapaswa kuugusa ukuta bila kuinua kidevu. Kisha, akiwa amesimama, weka vidole ubavuni mwake kati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga. Nafasi ikiwa haitoshi vidole viwili, mgongo umefupika. Mama alishindwa vyote viwili, akasema ukuta wetu umepinda.

Hatua ya pili: andika yanayoongeza hatari

Chukua daftari, ukae na mzee, umuulize bila haraka. Je, hedhi ilikoma kabla ya miaka 45, au aliwahi kutolewa mifuko ya mayai? Je, mama yake au baba yake alivunjika nyonga? Je, ni mwembamba mno, anavuta sigara au ugoro wa kuvuta, anakunywa busaa au chang'aa karibu kila siku? Je, ana tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, kisukari, au yabisi inayovimbisha viungo vya mikono yote miwili?

Kisha mwage dawa zake zote mezani, hata zile zilizofungwa kwenye karatasi. Prednisoloni ndiyo ya kuangaliwa kwanza: anayetumia miligramu 5 au zaidi kwa siku kwa muda wa miezi 3 na kuendelea mifupa yake inadhoofika, na katika eneo letu wapo wanaoinunua dukani kwa mazoea kwa sababu ya pumu au maumivu ya viungo. Zipo pia dawa za zamani za kifafa kama fenitoini na fenobarbitoni, dawa za kupunguza asidi tumboni zinapotumiwa kwa miaka, na tenofovia iliyomo katika dawa nyingi za kupunguza makali ya Virusi vya Ukimwi. Hii ya mwisho inahitaji uangalifu wa maneno. Nyanza na Magharibi zina watu wengi walioanza dawa hizo wakiwa na miaka 40 na sasa wanavuka 60, jambo la kushukuru, na faida ya dawa kwao ni kubwa mno kuliko upungufu wa mifupa unaoweza kuletwa nayo. Mtu asiache dawa hata moja kwa sababu ya mwongozo huu. Apeleke orodha kliniki na kuuliza kama mifupa na figo zake zimeangaliwa.

Kwa wakazi wa Nakuru kuna jambo la ziada, nalo ni maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floraidi nyingi, na ndiyo sababu ya meno ya kahawia kwa watu waliokulia huko. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 1.5 kwa lita. Meno ya kahawia pekee hayathibitishi kwamba mifupa ni mibovu, lakini anayekunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miongo mingi anaweza kupata mifupa iliyo mizito kwenye picha na hali ni mikavu na rahisi kuvunjika, pamoja na mgongo na viungo kukakamaa. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwenye sufuria, floraidi huzidi. Maji ya mvua, au maji yaliyochujwa kwa makaa ya mifupa ya wanyama, ndiyo yanayofaa kunywa na kupikia.

Hatua ya tatu: uchunguzi hospitalini

Mpeleke na daftari lako. Kwa Kisumu wengi huishia katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji bado huiita Russia. Nakuru wana hospitali yao ya rufaa ya kaunti, na Eldoret kuna hospitali ya rufaa ya Moi. Uliza mapema kwa simu, kabla ya kulipa nauli, kama mashine ya kupima uzito wa mifupa ipo na inafanya kazi, na kama SHA, yaani bima ya afya ya serikali, inalipia chochote.

Kipimo hicho huitwa DXA, na wahudumu hukitamka deksa. Mzee hulala chali dakika kumi hivi huku mkono wa mashine ukipita juu ya kiuno na nyonga. Hakuna sindano, na mionzi ni kidogo sana. Majibu huja kama nambari iitwayo alama T, inayomlinganisha mzee na kijana mwenye mifupa mizima. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1994, kuanzia -1 kwenda juu ni kawaida, kati ya -1 na -2.5 mifupa imepungua, na -2.5 au chini yake ni osteoporosisi. Mashine isipopatikana, mambo hayajakwama. Aliyekwisha kuvunjika nyonga au pingili kwa mwanguko mdogo ana osteoporosisi hata bila nambari, na kwa wengine daktari anaweza kutumia kikokotoo cha FRAX, kinachokadiria hatari ya kuvunjika katika miaka 10 ijayo kwa kutumia umri, uzito na yale uliyoandika katika daftari.

Vipimo vya damu havipaswi kurukwa: kalsiamu, utendaji wa figo na ini, hesabu ya damu, tezi ya shingo, na vitamini D panapowezekana. Vipimo hivi huangalia kama kuna ugonjwa mwingine unaojificha nyuma ya mfupa dhaifu. Hapa kwetu si kila mgongo uliobonyea ni osteoporosisi. Mzee anayeumwa mgongo hata usiku akiwa amelala, anayekonda, mwenye homa au jasho la usiku, ambaye miguu inalegea, au ambaye mkojo na haja kubwa havizuiliki, anapaswa kuonwa siku hiyohiyo, kwa kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo na saratani iliyosambaa kutoka kwenye titi, tezi dume au uboho huanza hivyohivyo.

Hatua ya nne: chakula kilicho karibu

Asilimia 99 ya kalsiamu ya mwili imo katika mifupa na meno, na kiasi kidogo kinachobaki huzunguka kwenye damu kuendesha moyo, misuli na neva. Chakula kikipungukiwa, mwili hukopa mfupani, na mkopo huo haulipiki kirahisi uzeeni. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 kwa siku. Mwanamume anahitaji 1,000 hadi afike 70, kisha 1,200.

Kando ya ziwa tuna bahati ambayo tunaidharau, nayo ni omena. Samaki huyu mdogo huliwa na mifupa yake yote, na mifupa hiyo ndiyo kalsiamu yenyewe, wakati minofu ya sangara, ambayo watu huiona ya heshima zaidi, karibu haina. Osha omena kwa maji ya moto mara tatu kuondoa mchanga, wakaange kwa moto wa wastani hadi waanze kukauka, ndipo uweke kitunguu, nyanya na maziwa kidogo. Mzee asiye na meno asinyimwe: watwange omena waliokaushwa vizuri, uchekeche, kisha ukoroge vijiko viwili katika mchuzi wa kunde. Chumvi iwe kidogo, maana ikizidi hutoa kalsiamu kwa njia ya mkojo.

Glasi moja ya maziwa au maziwa lala hutoa takribani miligramu 300. Kikombe cha chai kilichopikwa nusu maziwa nusu maji kinahesabika, ile ya rangi haihesabiki. Uji wa wimbi ni mzuri, na ukiachwa uchachuke usiku mmoja unakuwa bora zaidi, kwa sababu kuchachuka hupunguza kitu kilichomo kwenye nafaka kinachoifunga kalsiamu isifyonzwe. Sukuma wiki hutoa kalsiamu inayofyonzwa vizuri. Spinachi inayo nyingi kwenye karatasi, lakini mwili huipata kidogo tu. Protini nayo isisahauliwe. Wazee wengi hula ugali na mboga tu jioni, ilhali mfupa umejengwa juu ya protini na misuli ndiyo inayomzuia mtu asianguke. Yai, maharage, ndengu au samaki viwepo kila siku.

Vidonge vya kalsiamu ni vya kuziba pengo la chakula. Visizidi miligramu 500 au 600 kwa mara moja, na vile vya kaboneti humezwa pamoja na chakula. Anayetumia dolutegravia, mojawapo ya dawa za kupunguza makali ya Virusi vya Ukimwi, aimeze pamoja na kalsiamu wakati wa kula, au ameze dolutegravia saa 2 kabla au saa 6 baada ya kalsiamu, la sivyo kalsiamu huizuia isifyonzwe. Anayetumia dawa ya tezi ya shingo aiachanishe na kalsiamu kwa saa 4.

Kuhusu jua, mstari wa ikweta unapita Maseno, kwa hiyo hakuna msimu tunaokosa mwanga wa kutengeneza vitamini D. Tatizo ni mzee anayeshinda ndani. Ngozi ya uzeeni hutengeneza kidogo, hivyo akae nje nusu saa hivi mikono na miguu ikiwa wazi, siku kadhaa kwa wiki, na asiyeweza kutoka aulize kuhusu vidonge.

Hatua ya tano: mazoezi na kazi

Mfupa hujengeka unapobebeshwa uzito. Kutembea ni kuzuri lakini hakutoshi. Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni kuketi kwenye kiti kigumu kisicho na mikono na kuinuka bila kujishika, mara 10, asubuhi na jioni. La pili ni kusimama mbele ya meza, kuishika kwa vidole tu, na kuinua visigino polepole. La tatu ni kusimama kwa mguu mmoja kando ya meza hiyohiyo, sekunde 10 kila mguu. Mgongo nao unyooshwe: asimame akiegemea ukuta, avute mabega nyuma na kusukuma kisogo kuelekea ukutani.

Kinachopaswa kuachwa ni kuinama kwa kukunja mgongo huku unajipinda na kubeba kitu. Kufagia kwa ufagio mfupi, kukandika sakafu, kupalilia kwa jembe lenye mpini mfupi, na kubeba kuni kwa kamba ya kichwani kama wafanyavyo shosho wengi wa upande wa Nakuru, yote hubana upande wa mbele wa pingili, na hapo ndipo hubonyea. Nunua ufagio wa mpini mrefu. Maji yagawanywe katika vidumu viwili vya lita 5, kimoja kila mkono.

Hatua ya sita: mzee asianguke

Ungeniambia nichague hatua moja tu, ningechagua hii, kwa sababu nyonga karibu zote huvunjika kwa kuanguka. Fuata njia ambayo mzee huifuata usiku kutoka kitandani hadi chooni, ukiwa peku na bila taa, nawe utayaona mwenyewe: mkeka uliokunjika ncha, kizingiti kilichoinuka, jiwe linalocheza mlangoni. Mwekee tochi chini ya mto na ndoo safi chumbani. Choo cha shimo kifungwe nguzo imara ya kushika wakati wa kuchuchumaa na kuinuka. Patapata zilizolika nyayo zitupwe, na leso ifungwe juu ya kifundo cha mguu. Msimu wa mvua, udongo mweusi wa Kano huteleza kama sabuni, basi kokoto zimwagwe hadi bafuni.

Chunguza pia macho, kwa kuwa mtoto wa jicho hutibika, na dawa za presha au za usingizi zinazomfanya aone kizunguzungu anaposimama. Kwenye bodaboda asiketi upande. Kwenye matatu adai kiti cha katikati. Kondakta atanung'unika, anung'unike.

Hatua ya saba: dawa za kuimarisha mfupa

Mtu aliyevunjika kwa mwanguko mdogo, au mwenye alama T ya -2.5 na chini, kwa kawaida huhitaji dawa, na chakula pekee hakitamtosha. Inayotumika zaidi ni alendroneti, kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa wiki. Namna ya kuimeza ndiyo dawa yenyewe: asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha kukaa wima au kutembea kwa dakika 30 bila kula wala kulala. Mama alimeza kidonge cha kwanza kwa chai ya maziwa alfajiri akarudi kulala. Maziwa yaliizuia dawa isifyonzwe, na kidonge kikamchoma umio kiasi kwamba alikuwa tayari kuiacha. Tulikihamishia kidonge siku ya Jumamosi, akawa anakimeza na kwenda kulisha kuku, na kiungulia hakikurudi.

Kwa asiyeweza vidonge ipo zoledroneti, dripu ya miligramu 5 mara moja kwa mwaka. Zote mbili huhitaji figo zenye nguvu ya kutosha na kalsiamu ya kawaida kwenye damu, na jino bovu ling'olewe kabla ya kuanza, kwa sababu mara chache sana mfupa wa taya hukataa kupona. Maumivu mapya ya paja yaripotiwe, maana ni dalili ya mpasuko wa nadra unaoweza kuletwa na matumizi ya muda mrefu. Denosumabu ni sindano ya kila miezi 6, na kabla ya kuikubali hakikisha mtaweza kuilipia bila kukatiza, kwani ikiachwa ghafla bila dawa nyingine ya kufuatia pingili zinaweza kubonyea kwa mfululizo.

Akivunjika nyonga

Mzee aliyeanguka akashindwa kusimama, mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, amevunjika nyonga hadi eksirei ikatae. Asichuliwe, asivutwe mguu, wala asipelekwe kwa mganga wa mifupa. Mlaze chali, mfunge miguu yote miwili pamoja kwa leso huku mto ukiwa katikati, mpeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji. Upasuaji ukifanyika ndani ya saa 48 matokeo huwa bora zaidi. Mzee anayeachwa kitandani kwa wiki hupata nimonia, vidonda na damu kuganda, na hayo ndiyo humuua. Familia nyingi huchelewa zikichangisha, hivyo usajili wa SHA na michango yake viwe sawa angali mzima. Siku ya kuruhusiwa, uliza kabla ya kutoka wodini ni dawa gani ya mifupa atakayoanza na lini.

Kipimo cha DXA hurudiwa baada ya mwaka mmoja hadi miwili, na baada ya miaka 5 ya alendroneti au 3 ya zoledroneti daktari huamua kama dawa ipumzishwe. Nyumbani tunaendelea na mwimo wa mlango. Mistari minne ya mwisho iko mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine, na fundi aliyelaumiwa bure alilipandisha gauni upande wa mbele kwa sentimita 5.